Kazi Hii ni ya Nani? Ziara ya Wanafunzi Wetu katika Maonyesho ya Ufundi, Lubumbashi



Mara nyingi mmetusikia tukiwahimiza watoto wenu wapende kitabu. Leo twataka kuwasimulia siku moja ambayo vitabu vilibaki kabatini, na mwalimu akageuka kuwa mwanafunzi. Si habari ya kujisifu. Ndani yake limo kosa letu sisi tunaoandika, nasi tumeona ni vema tuliungame mbele ya watu, kwa kuwa tulilitenda mbele ya watu.

Shule yetu iko Likasi, mwendo wa kilomita kama 120 kutoka Lubumbashi. Tulipata habari kwamba mafundi na wachoraji wa Lubumbashi wanaonyesha kazi zao mpya katika ukumbi mmoja wa mji ule, na kwamba shule zitakaribishwa bila malipo. Padri paroko akatupatia basi, wazazi wakachanga fedha za mafuta, na akina mama wa parokia wakatufungia mikate, mihogo ya kuchemsha na karanga. Tulikuwa wanafunzi 28, walimu wawili na wazazi watatu. Mmojawapo wa wazazi hao ni mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika viwanda vya shaba, na sasa amepumzika. Tuliondoka baada ya Misa ya alfajiri.

Tulipokaribia mji tuliwaona wauzaji wa mawe ya kijani wameketi kando ya barabara, wamepanga shanga na visanduku juu ya meza ndogo. Mwanafunzi mmoja akasimama katika basi, akaigiza sauti yetu ya darasani: "Usiposoma utaishia barabarani ukichonga mawe!" Basi zima likacheka. Nasi tukacheka, maana maneno hayo ni yetu kweli. Tumeyatumia miaka mingi kuwatisha wavivu. Hatukuangalia ni nani asiyecheka.

Mlangoni tulipokewa na dada mmoja kijana, mchoraji, aliyewekwa kuwaongoza wageni. Aliwasalimu kwanza wazee, kisha akawaambia watoto: "Wadogo zangu, humu ndani nina sheria mbili. Ya kwanza: mbele ya kila kitu tutasimama kimya kwa muda wa Baba Yetu mmoja, kabla mtu hajasema neno. Ya pili: atakayesema, aseme kwanza alichokiona kwa macho, si alichokisikia kwa watu. Mimi nitawauliza swali moja tu, mahali pote: Kazi hii ni ya nani?"

Tulidhani ni swali jepesi.

Katika chumba cha kwanza kulikuwa na sanduku la kioo, na ndani yake misalaba ya shaba, mingine mirefu kama mkono, mingine midogo kama kidole cha mtoto. Baada ya kimya, msichana mmoja akasema: "Dada, hii ni kazi ya wamisionari, maana ni misalaba." Yule dada akatabasamu. Akatueleza kwamba misalaba hii ni ya kale kuliko misioni zote za Katanga. Mwaka wa 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wakakuta wafu waliozikwa na vyombo vizuri vya udongo, na katika makaburi mengine misalaba midogo ya shaba. Mababu waliifanya fedha yao. Waliinunulia bidhaa, na waliikusanya kwa mahari. Umbo lake linafanana na msalaba wa Bwana wetu, lakini halikutoka kwake.

Kisha akatueleza ilivyotengenezwa. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingizwa ghalani, wafua shaba walikwenda machimboni pamoja na jamaa zao. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo ule hustahimili moto. Walipanga makaa na mawe ya kijani, wakavuvia kwa mivukuto ya ngozi hata shaba ikatiririka. Kisha waliimimina katika kalibu zilizochongwa umbo la msalaba. Haikuwa kazi ya mtu yeyote tu. Walikuwapo mabwana wa ufundi ule, wenye siri zao na miiko yao, na kijana aliingia kwa kufundishwa. Monsinyori de Hemptinne, Mbenediktini aliyekuwa askofu wa Katanga, aliandika habari zao mwaka wa 1926, akawaita kwa jina lao la sifa: walaji wa shaba. Na huko Bunkeya, kwa mfalme Msiri aliyetoka pande za Unyamwezi na kufariki mwaka wa 1891, mafundi walijua kuvuta shaba hata ikawa nyembamba kama uzi, wakaisokota kuwa bangili.

"Sasa," akauliza, "kazi hii ni ya nani?"

Watoto wakajibu: "Ya mababu." Akasema: "Ndiyo. Lakini babu yupi? Jina lake nani?" Wakanyamaza wote. Nasi tukanyamaza.

Mzee wetu akavunja kimya. Alisema kwamba zamani za Elisabethville walikuwapo watoto waimbaji wa kanisa walioitwa Waimbaji Wadogo wa Msalaba wa Shaba. Wazee wake walimsimulia jinsi watoto wale walivyovaa msalaba wa mababu kifuani wakimwimbia Mungu. Yule dada akafurahi sana. Akasema: "Asante, Baba. Mwaona, kitu kile kile: fedha ya babu, kisha pambo la waimbaji. Shaba haisahau mikono iliyoishika. Sisi ndio tunaosahau."

Katika chumba cha pili, ukutani, zilibandikwa picha zilizochapwa za wachoraji wazee wa mji huu. Tuliambiwa habari ya Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyefungua karakana ya uchoraji Elisabethville mwaka wa 1946. Aliwakataza wanafunzi wake kuiga picha za Ulaya. Kila mmoja alitakiwa achore alichokibeba moyoni mwake, kwa namna yake. Kwa sababu hiyo ukiona picha ya Pilipili Mulongoy huhitaji kusoma jina: ni samaki, ndege na nyoka, na nyuma yao nukta nyingi kama mtama uliomwagwa. Mwenze Kibwanga naye alijenga watu na wanyama wake kwa mistari mifupi mifupi, kama ukindu uliosukwa. Na yuko wa tatu, Bela, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani mwa Romain-Desfossés. Yeye aliiacha brashi, akapaka rangi kwa ncha za vidole.

Watoto walisogea karibu sana na picha ya Bela, wakaanza kuhesabu alama za vidole. Mmoja akasema: "Mwalimu, sisi tukipaka wino kwa vidole katika daftari, tunaadhibiwa." Wenzake wakacheka, nasi tukacheka kidogo, lakini neno lile lilituingia.

Karibu na hapo ilikuwapo picha ya kazi ya Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka wa 1947. Alichora historia ya nchi yetu, tangu mababu hata siku zake, juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Mwaka wa 1973 na 1974 alimwuzia mtaalamu Johannes Fabian picha zake, na zile za historia zilikuwa 101. Alimweleza maana ya kila moja kwa Kiswahili, Kiswahili hiki hiki cha mitaa ya Katanga. Leo zimo katika nyumba ya makumbusho mjini Amsterdam. Yeye mwenyewe alitoweka katika miaka ya 1980, wala haijulikani aliishia wapi. Lakini jina lake liko, kwa sababu aliliandika juu ya picha.

Kisha dada akafungua kitabu chenye picha za Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka wa 1978, mmoja wa walioanzisha chama cha Picha, ambacho tangu mwaka wa 2008 kimewaita wasanii wa nchi nyingi katika mji huu. Baloji alizipiga picha karakana za shaba zilizochakaa, zenye kutu na ukimya. Halafu akachukua picha za zamani za wafanyakazi, zilizopigwa wakati wa ukoloni, akawasimamisha watu wale katikati ya magofu. Watoto walishangaa. Mzee wetu hakushangaa. Aliweka kidole juu ya ukurasa, akasema polepole: "Kazini tulijulikana kwa namba. Nami nilikuwa na namba, ningali naikumbuka." Akaitaja, tarakimu moja moja, kama mtoto anayeitwa katika orodha ya darasa. Hakuna aliyecheka.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa swali la yule dada.

Chumba cha tatu kilikuwa cha mafundi wa leo. Tuliona sahani na picha za shaba iliyofuliwa: wanawake wakitwanga, mitumbwi, uso wa Bikira Maria mwenye kilemba. Fundi alikuwapo, akatuonyesha. Bamba la shaba hupashwa moto kwanza ili lilainike. Kisha hulazwa juu ya kitu kisicho kigumu mno, na fundi huligonga kwa nyuma kwa patasi butu na nyundo ndogo, hata umbo liinuke upande wa mbele. Shaba ikigongwa sana hukaidi, huwa ngumu, yataka kupasuka. Basi hurudishwa motoni, ikalainika tena. "Inafanana na watoto wa shule," akasema fundi, "ila mimi siichapi ninapokuwa na hasira. Nikiwa na hasira naweka nyundo chini, maana pigo moja la hasira halifutiki." Walimu wawili tulitazamana.

Mwisho tukafika kwenye meza ya malakiti, lile jiwe la kijani tulilolicheka asubuhi. Juu yake kilikuwapo kisanduku kimoja, si kikubwa, na mistari ya kijani ilizunguka pande zake zote bila kukatika, kama maji ya ziwa yaliyotupiwa jiwe. Kando yake iliandikwa bei. Tulisimama kimya kwa muda wa Baba Yetu. Kisha dada akauliza: "Nani ataniambia kisanduku hiki kimetengenezwaje?"

Hakuna aliyejua. Sisi tulijua tu yaliyo katika vitabu: kwamba malakiti ni madini ya shaba, kwamba maji yaliyobeba shaba yaliacha tabaka juu ya tabaka, na ndiyo maana jiwe lina mistari. Tulikuwa tukijiandaa kuyasema hayo kwa sauti ya mwalimu, ndipo sauti ikatoka nyuma ya kundi.

Alikuwa kijana mmoja wa darasa letu, mpole, asiyeinua mkono wake mara nyingi. Hatutaji jina lake; yeye na baba yake wameturuhusu kusimulia, nasi twaheshimu nyumba yao. Alisema akitazama kisanduku, si sisi:

"Jiwe zima la kutosha kisanduku ni adimu. Kwa hiyo fundi hukata vipande vyembamba kwa msumeno, na mtu mwingine humwagia maji wakati wote. Pasipo maji jiwe hupata moto, hupasuka, na vumbi huruka. Vumbi lile ni sumu, huingia kifuani. Halafu vipande hupangwa mezani, usiku hata mchana, mpaka mstari wa hiki ukutane na mstari wa kile. Hapo ndipo penye kazi. Hapa, Dada, kwenye pembe hii, fundi alibadili kipande, tazama, mstari umepinda kidogo, lakini amepindisha na wa pili ili jicho lisione. Halafu gundi. Halafu msasa, wa kukwaruza kwanza, kisha mwembamba, kisha mwembamba zaidi, na maji tena. Mwisho ngozi na nta. Ukiharakisha msasa, jiwe halitang'aa hata ulisugue mwezi mzima."

Yule dada akamwuliza kwa upole: "Nani amekufundisha, mdogo wangu?"

Kijana akanyamaza. Tulimwona akimeza mate. Miaka miwili alikuwa amewaambia wenzake, na sisi pia, kwamba baba yake ni karani katika biro ya kampuni. Hata kwenye karatasi ya shule iliandikwa hivyo. Alitutazama sisi mara moja, haraka, halafu akasema: "Baba yangu. Yeye huchonga mawe. Huuza barabarani."

Wasomaji wapenzi, katika miaka yetu ya kufundisha tumesahihisha makosa mengi kwa wino mwekundu. Saa ile tulijiona sisi wenyewe tumejaa wino ule. Mtoto hakudanganya kwa ubaya. Alidanganya kwa sababu mwalimu wake, kila wiki, alimtaja baba yake kama adhabu ya wajinga. Na asubuhi ile ile, katika basi, alisikiliza wenzake 27 na walimu wake wakimcheka baba yake, naye akageuza uso dirishani.

Tungaliweza kungoja tufike nyumbani. Lakini Padri mmoja aliyetulea katika seminari alizoea kusema kwamba kosa la sokoni halitubiwi chumbani. Basi tukasema pale pale, mbele ya watoto na wazazi: "Maneno tuliyoyacheka asubuhi ni mabaya, na mwenye kuyaanzisha ni sisi. Twayaondoa. Twakuomba msamaha, wewe na baba yako." Kijana akaitikia kwa kichwa. Mzee wetu akaja akasimama karibu naye, asiseme neno.

Baadaye dada alieleza habari ya bei, maana watoto waliiona kubwa. Kijana akasema kwamba hata robo ya bei ile haifiki mkononi mwa baba yake; mchuuzi hununua kwa rejareja siku za shida, kisha huuza kwa wageni. Dada akakigeuza kisanduku juu chini. Chini yake, kwa herufi ndogo, fundi alikuwa amechora jina lake na mwaka. "Tazameni," akasema. "Fundi huyu ameanza kuandika jina. Jina pekee halileti chakula. Lakini mnunuzi akilijua, mwaka ujao atamtafuta mwenye jina, si mchuuzi. Na fundi mwenye jina huona haya kutoa kazi mbovu." Hapo swali lake la tangu asubuhi lilipata jibu lake la kwanza lililo kamili.

Katika safari ya kurudi basi lilikuwa kimya, kisha likajaa maswali, karibu yote yakielekezwa kiti kimoja cha nyuma.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda nyumbani kwa kijana yule. Baba yake alitupokea kwa mashaka, akidhani mwana ametenda kosa. Tulimweleza lililotuleta. Alisikiliza, akakohoa, akasema: "Mwalimu, mimi mwenyewe nilimwambia aandike karani. Sikutaka umcheke." Neno hilo lilituuma kuliko yote. Kisha tukamwomba aje shuleni awaonyeshe watoto kazi yake, siku ya saa ya kazi za mikono. Twasema kweli yote: saa hiyo imo katika ratiba, lakini miaka mitatu tulikuwa tumeila kwa mazoezi ya hesabu kwa ajili ya mtihani wa Serikali.

Alikuja. Alikataa kiti cha mwalimu, akaketi juu ya kigogo uani. Kabla ya kugusa jiwe alimtuma mwanawe alete ndoo ya maji, akawaambia watoto wote walowe vitambaa na kuvifunga puani. "Mimi nilianza bila hiki," akasema, "ndiyo maana mnanisikia nikikohoa." Hakutoa hotuba nyingine. Jioni mwanawe alichukua sindano ya chuma, akachora chini ya jiwe dogo lililong'arishwa jina la baba yake. Baba alilitazama kwa muda mrefu, akaomba herufi moja irekebishwe.

Kikohozi chake hakijapona. Tumemsihi aende kwa daktari, naye ameahidi. Mchuuzi bado anapita mtaani. Hatusemi kwamba ziara moja imenyosha mambo yote. Lakini saa ya kazi za mikono imerudi, na sentensi ile ya barabarani haitasikika tena katika darasa letu.

Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, wametajwa mkulima, mchora mihuri, mhunzi na mfinyanzi, kila mmoja na kazi yake mbele ya moto wake na gurudumu lake. Mwandishi yule alikuwa mtu wa vitabu, naye alimweka msomi mahali pa juu. Hata hivyo alikiri kwamba pasipo mafundi hao hakuna mji unaokaliwa. Sisi tulisoma sura hiyo seminarini, tukaipita mbio.

Basi, wazazi, maonyesho ya namna hii yakifika karibu nanyi, wapelekeni watoto. Msikimbie kutoka kitu hata kitu. Simameni mbele ya vichache. Chukueni pamoja nanyi mzee mmoja, maana yeye anajua yasiyoandikwa ukutani. Wagusao wawe wale tu walioruhusiwa. Na kabla ya kuuliza bei, ulizeni jina.

Nanyi walimu wenzetu, tazameni orodha zenu za darasa, mahali palipoandikwa kazi ya baba na kazi ya mama. Yamkini pako penye neno lililoandikwa kwa hofu. Lifuteni pamoja na mtoto, mkaandike lililo kweli.